CNC ndogo, leza, karakana yenye mashine kubwa, au jigsoo na ruta: ukate vipi vipande vyako vya mbao hapa Dar?

Swali hunifikia kwa sura ileile: "Kaka, nina hela kidogo imekaa, ninunue CNC ndogo au nisubiri?" Anayeuliza ameshaona video ya CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ikichonga jina la mtu kwenye ubao wa mninga, maranda yanaruka, ubao unatoka umependeza. Simjibu kwanza. Namuuliza anataka kukata kipande gani, kina unene gani, na anataka vingapi. Akishasema hayo, njia ya kukata hujichagua yenyewe, na mara nyingi siyo ile aliyoikuta kwenye video.

Kwa mtu wa Dar anayetengeneza vitu vyake jioni na wikiendi, njia ni nne. Unaweza kununua CNC ya mezani ukaiweka nyumbani. Unaweza kupeleka faili kwenye karakana yenye CNC kubwa, ile inayolaza ubao mzima wa futi 4 kwa 8. Unaweza kwenda kwa watu wa leza, wale wanaotengeneza mabango, tuzo na mapambo ya harusi. Au ubaki na jigsoo, ruta ya mkono (mashine ya kushika inayozungusha biti ya kuchonga kingo) na kiolezo, yaani umbo la mfano la kufuatisha, kama wanavyofanya mafundi wengi wa Keko hadi leo.

Sitazilinganisha kwa sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Nitazilinganisha kwa vipande vitatu: herufi za jina la duka za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 6, mbao za mbuzi ya kukunia nazi za mninga wa milimita 25, na bao la kuchezea lenye mashimo yake 32. Nimevichagua makusudi, maana kila kimoja kinaipima mashine mahali tofauti.

Kwanza, CNC ndogo ni kitu gani hasa

Mashine ambayo wengi huanza nayo inaitwa 3018. Jina ni vipimo vyake: eneo la kazi ni sentimita 30 kwa 18, na biti, ile ncha inayokata, hupanda na kushuka kama milimita 45. Mota inayozungusha biti ni ndogo, ya volti 24. Biti zake nyingi zina shina la milimita 3.175, yaani moja ya nane ya inchi. Mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa namba ilioneshwa MIT, Marekani, mwaka 1952, ikichonga chuma na ikiongozwa na makabati mazima ya vifaa vya umeme. Leo kazi ile inafanywa na bodi ndogo ya kielektroniki ya aina ya Arduino na programu ya bure iitwayo GRBL, iliyoanza mwaka 2009. Programu inapokea mistari ya maagizo: nenda hapa, shuka milimita moja, kata hadi pale. Hiyo ndiyo sababu mashine hizi zimeshuka bei hadi mtu wa kawaida akaanza kuzifikiria.

Ukipanda ngazi kuna 6040, yenye eneo la sentimita 60 kwa 40, na kuna zile zinazobeba ruta ya mkono ya wati 700 hivi. Hapo nguvu ni nyingine kabisa. Lakini anayeniuliza swali lile huwa anaizungumzia 3018, kwa hiyo nitaitumia hiyo.

Ukitaka kujua mashine inaweza nini, fanya hesabu moja tu. Chukua mizunguko ya biti kwa dakika, zidisha kwa idadi ya makali ya biti, zidisha kwa unene wa randa ambao kila ukali utang'oa. Mota yenye mizunguko 10,000, biti ya makali mawili, randa la milimita 0.03: jibu ni milimita 600 kwa dakika. Huo ndio mwendo wako. Kina cha kila mpito, yaani kila biti inapopita mara moja, kwa mashine nyepesi namna hii, kiwe milimita moja, na kwenye mbao ngumu nusu milimita.

Wanaoanza hupunguza mwendo wakidhani wanaihurumia mashine. Kumbe biti ikienda polepole mno inaacha kukata na kuanza kusugua. Inapata moto, kingo za mbao zinakuwa nyeusi, na ukali unaisha kabla ya kazi kuisha. Kwenye mbao halisi, angalia kinachotoka: ukiona chembe zenye umbo, ambazo ukizishika vidoleni unazihisi, biti inakata. Ukiona unga mtupu na harufu ya kuungua, inasugua. MDF haikupi dalili hiyo kwa sababu yenyewe hutoa unga siku zote, kwa hiyo kule sikiliza sauti na gusa biti baada ya kuzima: ikiwa ya moto, ongeza mwendo au punguza mizunguko.

Herufi za duka

Herufi ya kimo cha sentimita 15 ina mzingo wa kama milimita 800, chukulia S au B pamoja na matundu yake. Kwa 3018, MDF ya milimita 6 unaikata kwa mipito sita ya milimita moja. Milimita 800 mara sita, gawanya kwa 500 kwa dakika ili usiisumbue mashine: karibu dakika 10 kwa herufi moja. Jina la herufi kumi ni saa moja na dakika arobaini za kukata, bila kuhesabu kubadilisha ubao, maana kwenye sentimita 30 kwa 18 hazikai herufi nyingi kwa pamoja.

Leza ya CO2 ya wati 60 inakata MDF hiyohiyo kwa mpito mmoja. Ukiipa mwendo wa milimita 6 kwa sekunde, herufi moja inamaliza kwa dakika mbili na kidogo, na jina zima halifiki nusu saa. Haihitaji klampu, kwa sababu hakuna kinachousukuma ubao. Mkato wenyewe ni mwembamba, sehemu ndogo tu ya milimita, na kona za ndani za K na M zinatoka kali. CNC kubwa ina kasi zaidi: kwa biti ya milimita 6 na mipito miwili, herufi haifiki hata dakika moja. Ila karakana nyingi hazitawasha mashine kubwa kwa kipande kidogo bila kukutoza kiwango cha chini cha kazi.

Kwa hiyo hapa ni leza, sina shaka. Ina mambo mawili ya kuangalia. Kingo zake zinatoka nyeusi kwa masizi. Ukipaka rangi nyeupe moja kwa moja, weusi utapenya, kwa hiyo piga msasa na upake rangi ya msingi kwanza. La pili ni kubwa zaidi. Mabango mengi mjini hayatengenezwi kwa mbao bali kwa bodi nyeupe nyepesi za plastiki ya PVC. Hizo usizipeleke kwenye leza hata ukibembelezwa. PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, ambayo inaumiza mapafu na kula vyuma vya mashine. Za namna hiyo zinakatwa kwa biti, na hapo hata 3018 inafanya kazi nzuri, maana bodi ni laini.

Na kama utaacha MDF ukachukua plaiwudi, jaribu kipande kidogo kwanza. Plaiwudi ya marini inabandikwa kwa gundi nyeusi isiyoogopa maji, na gundi ileile haiogopi leza pia. Utakuta sehemu imekatika na sehemu imeshikilia, ndani ya kipande kimoja. Plaiwudi ya ndani, ya gundi nyepesi, haina matata hayo.

Kuhusu jigsoo sina maneno mengi hapa. Herufi za kimo cha mita moja, sawa. Za sentimita 15, utashinda na tupa hadi usiku.

Mbuzi ya kukunia nazi

Mbuzi ya kukunja ni mbao mbili zinazopishana: moja ina tundu refu katikati, nyingine inapita humo, zinafunguka na kuwa kiti, na kule puani linakaa lile jino la chuma. Mninga au mkongo wa milimita 25, kingo za mviringo ili zisimuumize anayekaa. Kitu cha kila nyumba ya Pwani, na bado ukiona kilichotengenezwa vizuri unakigeuza geuza mkononi.

Leza inatoka kwenye mashindano bila mjadala. Milimita 25 za mbao ngumu si kazi yake, itachoma badala ya kukata. 3018 nayo inatoka, kwa sababu mbili. Ubao wa kukalia ni mrefu kuliko sentimita 30. Na biti ndogo ya shina la 3.175 huwa na ukali wa urefu wa milimita 17 hadi 22 tu, haifiki upande wa pili. Hata ungekuwa na biti ndefu, kwa nusu milimita kila mpito ni mizunguko hamsini kuuzunguka ubao mmoja, biti ikipinda kidogo kila inapokutana na nyuzi ngumu.

Zinabaki mbili: CNC kubwa, na ruta na kiolezo.

CNC kubwa inaifanya kazi hii vizuri: biti ya milimita 6, mipito mitano au sita, vishikizo vidogo vya mbao vilivyoachwa ili kipande kisichomoke dakika ya mwisho na kupigwa na biti. Ukitaka mbuzi 50 za kuuza, nenda huko. Ukitaka mbili, moja yako na moja ya shangazi, utalipa gharama ya kuandaa kazi ambayo ingetosha kugawanywa kwa hamsini.

Njia ninayoipendekeza kwa watu wengi, na ambayo sioni ikisemwa vya kutosha, ni kuchanganya. Usikate mbuzi kwa mashine. Kata kiolezo chake kwa mashine, mara moja. Chora umbo kwenye kompyuta, mpelekee mtu wa leza akukatie kwa MDF ya milimita 6, vipande viwili vya umbo lilelile, uvibandike pamoja kwa gundi ya mbao viwe milimita 12. Hicho ndicho kiolezo. Usahihi wote wa kompyuta umo ndani yake, na utakaa nacho miaka.

Kisha kazi inakuwa ya mkono. Weka kiolezo juu ya ubao, chora kwa penseli, kata kwa jigsoo ukiacha milimita mbili nje ya mstari. Funga kiolezo juu ya ubao kwa tepu ya pande mbili, au kwa skrubu upande usioonekana. Halafu ruta yenye biti nyoofu iliyo na beringi juu: beringi inatembea kwenye kiolezo, ukali unakata mbao sawasawa nacho. Kama biti ni fupi kuliko unene wa ubao, kata nusu ya juu kwanza, toa kiolezo, shusha biti, na beringi sasa itembee kwenye sehemu uliyokwisha kukata.

Mwelekeo ni jambo la usalama. Ukizunguka ukingo wa nje wa ubao, sukuma ruta kinyume cha mwendo wa saa. Ukiwa ndani ya tundu, fuata mwendo wa saa. Ukigeuza, biti inaweza kuuvuta ubao na kukimbia nao. Na pale umbo linapopinda kuelekea kichwa cha nyuzi, kama kwenye pua ya mbuzi, usikate milimita mbili zote kwa pupa. Pitisha kidogo kidogo, la sivyo mninga utabanjuka kibanzi kirefu.

Tundu la katikati litatoka na kona za mviringo, kwa sababu biti yenyewe ni mviringo. Kwa biti ya milimita 12 kona itakuwa na nusu kipenyo cha milimita 6. Ama uzinyooshe kwa patasi, ama uzungushe kingo za ule ubao unaopita. CNC kubwa nayo ina tatizo hilohilo, kwa kipimo kidogo zaidi. Wachoraji wa faili za CNC hulikwepa kwa kuchimba kijishimo cha duara kwenye kila kona ili kipande cha mraba kiingie. Kwenye kabati la ndani vijishimo hivyo havionekani. Kwenye mbuzi vinaonekana, na mimi sivipendi.

Bao

Hapa ndipo CNC inapostahili sifa zake, na ndipo pia 3018 inapoaibika.

Bao lina safu nne za mashimo nane. Ukiacha milimita 60 kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya linalofuata, safu moja tu ni karibu nusu mita. Kwenye 3018 utalazimika kukata kipande, kusogeza ubao, kupanga upya sifuri, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu, na kuendelea; kosa la milimita moja kwenye kusogeza linaonekana mpaka barazani. 6040 inalimeza bao zima kwa raha.

Lakini hata ukubwa si tatizo kuu. Tatizo ni wingi wa mbao za kuondoa. Shimo la kipenyo cha milimita 50 na kina cha milimita 18, lenye tumbo la mviringo, lina ujazo wa kama sentimita 20 za ujazo. Mara 32, ni zaidi ya sentimita 640 za ujazo za mbao ngumu zinazotakiwa kugeuzwa maranda. 3018 ikikata upana wa milimita 3, kina cha milimita 1 (tuipendelee, ingawa mbao ngumu zinataka nusu), mwendo wa 600, inaondoa sentimita 1.8 za ujazo kwa dakika. Hiyo ni karibu saa sita mfululizo, hata kabla ya mpito wa kulainisha. CNC kubwa, kwa biti ya milimita 6, kina cha milimita 3 na mwendo wa 3,000, inaondoa 54 kwa dakika: robo saa ya kukata kwa nguvu, kisha muda wa kulainisha kwa biti ya ncha ya mviringo. Kwa kazi moja ileile, tofauti ni mara thelathini.

Leza haiwezi kuchimba bakuli. Itaunguza shimo na kuacha mkaa. Jigsoo haichimbi kabisa. Ruta ya mkono inaweza, tena vizuri, ukitumia kiolezo chenye matundu manane ya duara na biti ya bakuli, ile ya chini bapa yenye pembe za mviringo na beringi juu. Kiolezo ni cha safu moja tu. Unakisogeza mara nne kwa kufuata mistari uliyopiga. Chini ya shimo kutakuwa bapa badala ya tumbo, lakini pembe za mviringo zinatosha vidole kukomba kete bila kukwama. Wazee wa baraza watasema neno, ila watacheza.

Kisha kuna nyumba. Kwenye mabao mengi shimo la nyumba linachongwa mraba ili litofautiane na mengine, moja kwa kila mchezaji. Mashine yoyote inayozungusha biti haiwezi kutoa mraba kamili. Utachagua biti ya milimita 6, kona zitabaki na mviringo wa milimita 3, na mtu lazima aje na patasi kali, aisimamishe wima kwenye kila kona, agonge taratibu hadi chini, asafishe. Kona nane, kwa ncha ya patasi. Mchongaji wa Mwenge atakufanyia hizo kona wakati unatafuta chenji ya kumlipa. Tena ukitaka bao moja tu la heshima, la zawadi, fikiria kumpa kazi yote yeye, na tezo lake. Kufuata kompyuta kwa bao moja ni anasa. Kwa mabao ishirini yanayofanana ni busara.

Umeme, mbao na vumbi

Tangu Bwawa la Nyerere lianze kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, mgao wa ratiba si kama ule tuliouzoea. Lakini transfoma ya mtaa bado inaweza kulipuka saa nane mchana, na LUKU bado inaweza kuisha. Jigsoo ikizimika, unasubiri na kuendelea. CNC ya nyumbani ikizimika inasahau ilipo, kwa sababu mota zake zinahesabu hatua tu na hesabu hiyo hufutika. Umeme ukirudi, mashine inadhani iko sifuri. Kinga ni swichi za kikomo zinazoipa mahali pa kuanzia, na tundu dogo ulilotoboa kwenye ubao wa chini kama alama ya sifuri, ili biti irudi palepale. 3018 ina jambo moja zuri hapa: inakula umeme mdogo kiasi kwamba UPS ya kompyuta inaweza kuibeba hadi uisimamishe kwa utaratibu. Ile kubwa ya karakana huwezi kuibeba hivyo, lakini hilo ni tatizo la mwenye karakana.

Mbao zenyewe nazo zina tabia. Ukinunua msonobari uliotoka Mafinga ukiwa bado mbichi, ukaukata kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, ukauacha wiki mbili, usahihi huo umekwenda na maji. Joto na unyevu wa Pwani havina huruma, na masika ndiyo mbaya zaidi. Weka mbao ndani, zikae kwenye vibanzi hewa ipite, kabla ya kuzikata kwa njia yoyote. Mtiki hautembei sana, msonobari hutembea. MDF ikilowa huvimba na hairudi.

Plaiwudi pima kwa kalipa kila unaponunua. Ubao ulioandikwa milimita 18 unaweza kuwa 17 na kitu, na kama umechora ulimi na tundu kwa 18 kamili, kabati lako litacheza. Jigsoo inakusamehe kwa sababu unapima kipande kwa kipande. Faili haisamehi.

Vumbi lichukulie kwa uzito kuliko kelele. Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani mwaka 1995. Vumbi la mkongo linawasha pua hata kwa anayepita. CNC inafanya vumbi kuwa jingi kwa sababu inakaa saa nyingi ikikata, na watu huiweka chumbani. Kama unaishi chumba na sebule na mtoto analala hapo hapo, jibu la swali la CNC ni hapana, hata kama hela ipo. Vaa barakoa ya vumbi inayobana, siyo kitambaa.

Ukienda karakana

Wanaotoza kwa dakika za mashine na wanaotoza kwa ubao mzima watakupa bei tofauti sana kwa kazi ileile. Kama una vipande vichache vyenye mikato mingi, tafuta wa ubao mzima. Kama una umbo moja rahisi, tafuta wa dakika. Uliza pia ubao ni wako au wao, na mabaki ni ya nani. Mabaki ya plaiwudi ya 18 ni mali.

Faili ya mchoro peleka ya aina ya DXF kwa CNC, na kwa leza DXF au SVG. Badilisha maandishi yote yawe mistari kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu kompyuta ya pale haina aina ya herufi uliyotumia. Futa mistari iliyorudiana. Macho hayaioni, lakini leza itapita mara mbili na kuchoma ukingo. Na chora mraba wa milimita 100 kwa 100 pembeni ya kazi, uandike hivyo. Siku fundi atakapokuuliza, "Bosi, hii umechora kwa inchi au milimita?", mtapima mraba ule kwenye skrini yake, yataisha. Mwambie pia unene halisi uliopima, na upande upi wa ubao ndio utakaoonekana, maana kuna biti zinazovuta maranda juu na kuchana uso wa juu, na kuna zinazosukuma chini na kuuacha safi. Anazo zote, asipoambiwa atatumia iliyofungwa tayari.

Basi nani anunue CNC ndogo?

Wapo, na sitaki ionekane nimeitukana mashine. Anayechonga vitu vidogo visivyozidi sentimita 15, kila kimoja tofauti: vishikizo vya funguo, mihuri ya mbao, vibao vya namba za milango, mapambo ya kupachika ndani ya mkongo. Anayebadilisha mchoro kila siku na hawezi kwenda kwa mtu wa leza kila anapobadilisha. Anayetaka kujifunza, kabla hajaomba kazi kwenye karakana kubwa, maana lugha ya maagizo na hesabu ya mwendo ni zilezile. Na biti ya milimita 3 ikivunjika mikononi mwako hailii kama mota ya karakana ikigonga meza. Wa namna hii aipate, na aishikishe vipande kwa tepu ya karatasi pande zote mbili na supa gluu katikati, aachane na klampu zinazokula nafasi ya meza.

Anayetaka kutengeneza samani, spika, viti au mbuzi, hela hiyohiyo ainunulie ruta, klampu nne nzuri, biti mbili zenye beringi, na kalipa, zote zinapatikana Kariakoo. Inayobaki alipie violezo vya leza.

Na kama bado moyo uko kwenye CNC, kabla ya kulipa muulize muuzaji mambo matatu: fremu ni alumini au plastiki, swichi za kikomo zimo au zinauzwa peke yake, na kitufe cha kuzima kwa dharura kiko wapi. Akisita kwenye la tatu, endelea na duka lingine.